Sura ya 11: Lori Linapokataa Kuwaka

Katika sura iliyopita uliunganisha seli ya tochi, nyaya mbili na balbu ndogo. Uliona kuwa balbu huwaka pale tu umeme unapopata njia ya kutoka kwenye seli, kupita katika balbu, na kurudi kwenye seli hiyo hiyo. Njia hiyo ilipokatwa, hata kwa upana wa unywele, balbu ilizimika. Njia nzima tuliiita mzunguko wa umeme.

Katika sura hii utauona mzunguko huo huo ndani ya lori la tani 10. Vitu vimekuwa vikubwa: badala ya seli kuna betri, na badala ya waya mwembamba kuna waya mnene kama kidole gumba. Lakini kanuni haikubadilika. Ukiielewa tochi yako vizuri, unaweza kumfuata fundi anapotafuta ubovu wa lori, na hata kukisia atakalolifanya kabla hajalifanya.

Injini ya dizeli huwakaje?

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mpini kwa nguvu mara ishirini au thelathini. Sasa gusa upande wa chini wa pampu. Je, unahisi nini? Pampu imepata joto. Hewa ikigandamizwa ghafla katika nafasi ndogo hupata joto. Sehemu ya joto hilo hutokana na msuguano ndani ya pampu, lakini sehemu kubwa hutokana na hewa yenyewe.

Injini ya dizeli hutumia jambo hilo. Ndani ya silinda, pistoni huigandamiza hewa mpaka nafasi yake inakuwa ndogo kama mara 18 kuliko mwanzo. Joto la hewa hiyo laweza kuzidi nyuzi 500 za Sentigredi. Hapo dizeli hunyunyizwa ndani kwa nozeli, nayo hushika moto yenyewe. Haihitaji cheche. Kwa sababu hiyo injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche kama injini ya petroli. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel, aliyeibuni injini hii, alifaulu kuifanya ifanye kazi vizuri mwaka 1897 katika mji wa Augsburg.

Pengine sasa unajiuliza: ikiwa injini hii haihitaji cheche, umeme ni wa nini? Ni swali zuri. Pistoni haziwezi kuanza kwenda zenyewe. Lazima kitu kingine kiizungushe injini kwanza, kwa nguvu na kwa kasi ya kutosha, mpaka hewa igandamizwe na kupata joto. Magari ya zamani yalizungushwa kwa hendeli, na hendeli ilipomponyoka mtu iliweza kumvunja mkono. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mota ya umeme iitwayo stata.

Njia ya umeme kutoka betri hadi stata

Malori mengi makubwa yana betri mbili, kila moja ya volti 12. Zimeunganishwa moja baada ya nyingine, yaani kichwa chanya cha betri moja kimefungwa kwenye kichwa hasi cha nyingine. Volti zake hujumlishwa: 12 na 12 ni 24. Ulifanya vivyo hivyo ulipopanga seli mbili za volti moja na nusu ndani ya tochi ukapata volti 3.

Kutoka kichwa chanya, waya mnene huenda moja kwa moja kwenye stata. Umeme upitao hapo ni mwingi mno. Balbu ya tochi hutumia chini ya ampea moja. Stata ya lori hutumia ampea mia kadhaa kwa wakati mmoja. Ufunguo mdogo wa dereva haungeweza kupitisha umeme wote huo bila kuungua. Basi ufunguo hupitisha umeme kidogo tu, nao huenda kwenye koili ya waya iliyokaa juu ya stata. Koili hiyo huitwa selenoidi. Umeme ukipita, koili hugeuka sumaku na kuvuta mchi wa chuma kwa ghafla. Huo ndio mlio wa "ka!" usikikao lori linapowashwa.

Mchi huo hufanya kazi mbili kwa mara moja. Kwanza, husukuma gurudumu dogo la stata liingie katika meno ya gurudumu kubwa la injini. Pili, huunganisha vipande viwili vya shaba ili umeme mwingi upite kwenda kwenye stata.

Na umeme hurudije kwenye betri? Katika tochi yako kulikuwa na waya wa pili. Katika lori, chuma chenyewe ndicho waya wa pili. Umeme hutoka stata, huingia katika chuma cha injini, huenda kwenye chesisi, kisha hurudi kwenye kichwa hasi cha betri. Lakini kuna jambo moja ambalo watu wengi hulisahau. Injini haikukaa moja kwa moja juu ya chesisi. Imekalishwa juu ya vipande vya mpira ili isitikise lori zima, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo watengenezaji huweka mkanda wa nyuzi za shaba, uliosukwa kama ukili, kutoka injini hadi chesisi. Mkanda huo ni daraja la umeme.

Chora mzunguko huu katika daftari lako kabla hujaendelea: betri mbili, waya mnene, selenoidi, stata, injini, mkanda wa shaba, chesisi, na kurudi betri.

Asubuhi moja huko Ilula

Ilula ni mahali palipo kando ya barabara kuu katika Mkoa wa Iringa. Nyanya nyingi hulimwa huko na kupelekwa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 400. Hebu tuchukulie kwamba lori limekwisha kupakiwa matenga ya nyanya tangu jioni. Alfajiri dereva anageuza ufunguo. Stata haizunguki. Unasikika mlio wa haraka tu: ka-ka-ka-ka-ka.

Nyanya zilizoiva hazina subira. Zikishinda juani ndani ya matenga, za chini hupondeka, maji hutoka, na bei yake sokoni huanguka. Zikilala siku ya pili, huenda mkulima asipate hata fedha za kulipia matenga. Si ajabu basi kwamba watu waliokusanyika wana haraka, na kila mmoja ana shauri lake.

"Betri hizo zimekufa, mwanangu," anasema mzee mmoja. "Nunua nyingine."

"Tulisukume!" wanasema vijana.

"Shikamoo mzee," anajibu dereva. "Labda zimekufa, labda hazikufa. Naomba dakika kumi nizipime kwanza."

Jibu la dereva huyo ni jibu la mwanasayansi. Betri mbili za lori ni ghali sana. Akizinunua na ubovu ukawa mahali pengine, atakuwa amepoteza fedha na asubuhi yote, na lori bado limesimama. Na kulisukuma lori lililojaa mzigo ni hatari. Likishika mwendo mteremkoni bila injini kuwaka, breki na usukani huwa dhaifu.

Kabla ya kupima chochote, dereva anatia gia huru, anavuta breki ya mkono, na utingo wake anaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Anavua saa na pete. Anamwambia mtu mwenye sigara asogee mbali, kwa kuwa betri ya gari hutoa gesi ya hidrojeni ambayo hulipuka ikipata moto. Maji yaliyomo ndani ya betri ni asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Huunguza ngozi na yaweza kupofusha macho. Wewe mwanafunzi usiguse betri ya gari. Tazama fundi akifanya, ukiwa umesimama kando. Majaribio yako utayafanya kwa seli za tochi, ambazo hazina hatari hiyo.

Kusikiliza na kutazama

Dereva anawasha taa kubwa za mbele, kisha anamwambia utingo ageuze ufunguo huku yeye akizitazama. Jaribio hili halihitaji chombo chochote, nalo hueleza mengi.

Kama betri ni dhaifu, taa hufifia sana kila stata inapojaribu kuzunguka. Selenoidi huvuta mchi, stata hudai umeme mwingi, nguvu ya betri huanguka, selenoidi huuachia mchi. Mara stata inapoachwa, betri hupata nguvu tena, na mchi huvutwa tena. Ndiyo maana mlio hujirudia haraka haraka: ka-ka-ka-ka.

Lakini asubuhi ile taa hazikufifia. Mlio ulisikika vile vile, na taa zikaendelea kung'aa!

Simama hapa kidogo ufikiri. Taa na stata hutumia betri zile zile. Ikiwa taa zinapata umeme wa kutosha wakati ule ule ambapo stata inakosa, je, ubovu uko kwenye betri? Haiwezekani. Betri ina umeme, lakini umeme haufiki kwenye stata kwa wingi unaotakiwa, au hauna njia pana ya kurudi. Mzee yule alikuwa na haki ya kushuku betri, maana mlio wa ka-ka-ka mara nyingi kabisa ni wa betri iliyoishiwa. Taa ndizo zilizoonyesha kwamba safari hii sivyo.

Kupima kwa voltimita

Katika sanduku lake la spana dereva ana voltimita ndogo ya mshale. Betri moja nzima iliyojaa chaji, ikiwa imetulia, huonyesha volti 12.6 hivi. Betri zote mbili kwa pamoja zilionyesha 25.2. Utingo akageuza ufunguo. Mshale ulitikisika kidogo tu. Kama betri zingekuwa mbovu, mshale ungeanguka hadi chini ya volti 19. Sasa betri zimethibitishwa kuwa nzima kwa njia mbili.

Ubaki kutafutwa njiani. Hapa yafaa uelewe jinsi voltimita inavyotumiwa kutafuta ubovu. Volti ni msukumo wa umeme. Penye njia nzuri, umeme hupita bila kutumia msukumo, na voltimita ikiwekwa kwenye ncha mbili za njia hiyo husoma sifuri au karibu yake. Penye njia mbovu, msukumo hutumika kulazimisha umeme upenye, na mshale hupanda. Kwa hiyo kwenye waya, mshale ukipanda ni habari mbaya.

Dereva alipima kipande kwa kipande, utingo akigeuza ufunguo kila mara:

Kutoka kichwa chanya cha betri hadi stata: mshale haukupanda.
Kutoka kichwa hasi cha betri hadi chesisi: mshale haukupanda.
Kutoka chesisi hadi chuma cha injini: mshale uliruka juu, ukashuka, ukaruka tena, ukiufuata mlio wa ka-ka-ka, na ukapita volti 10.

Tazama mchoro wako. Ni kitu gani kilichopo kati ya chesisi na injini?

Dereva hakukimbilia kufungua mkanda wa shaba. Alitaka uthibitisho mmoja zaidi. Alichukua waya mnene ambao madereva huutumia kuazimana umeme, akafunga ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Hakubadilisha kitu kingine chochote. Utingo akageuza ufunguo, na injini ikawaka mara moja.

Walipoizima na kuutazama mkanda, upande wa injini ulikuwa umejaa kutu na mafuta machafu, na bolti yake ililegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole. Kwanza dereva alifungua kichwa hasi cha betri, ili spana ikigusa chuma isilete cheche. Kisha alisugua mkanda na mahali pa bolti kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza bolti, akapaka grisi juu yake ili maji yasiingie, na mwisho akarudisha kichwa hasi. Gharama yake ilikuwa kipande cha msasa. Kabla jua halijawa kali lori lilikuwa linateremka Kitonga.

Kwa nini kutu iliruhusu umeme mdogo na kuzuia mkubwa?

Fikiria ua wa miti wenye mwanya mdogo. Kuku hupita bila shida, ng'ombe hapiti. Kiungo chenye kutu ni kama mwanya huo. Umeme mdogo ulioivuta selenoidi ulipita ukatoa mlio, lakini ampea mia kadhaa za stata zilikwama. Kule kuzuia umeme usipite kwa urahisi huitwa ukinzani.

Hapa wapo mafundi wanaodanganyika. Huchukua taa ndogo ya kupimia, wakaona inawaka, wakasema njia ni nzima. Taa ile ni kuku. Njia ya stata lazima ipimwe wakati stata yenyewe inadai umeme.

Milio mingine

Si kila lori lisilowaka lina ubovu huo. Kama hakuna mlio wowote, na taa zote za gari zimekufa, umeme hautoki kabisa kwenye betri: tazama swichi kuu na vichwa vya betri. Kama taa zinang'aa na selenoidi iko kimya, shuku njia ndogo ya ufunguo: fyuzi, swichi ya ufunguo, au waya mwembamba uliochomoka kwenye selenoidi.

Huenda pia stata ikazunguka vizuri kabisa na injini isiwake. Hapo usihangaike na stata. Kazi yake imeifanya. Tazama bomba la moshi. Ikiwa hakuna moshi hata kidogo wakati injini inazungushwa, yaelekea dizeli haifiki kwenye silinda. Labda tangi ni tupu, au hewa imeingia katika mabomba ya dizeli. Lakini huenda ni umeme pia. Katika malori mengi pampu ya dizeli ina selenoidi yake, ambayo hufungua njia ya dizeli pale tu inapopata umeme. Ufunguo ukigeuzwa nusu, husikika mlio mdogo wa "tik" kwenye pampu. Mlio huo ukikosekana, fundi hutazama fyuzi na waya wake. Panya hupenda sana kutafuna nyaya za gari lililolala muda mrefu. Malori mapya zaidi yana kompyuta inayoongoza unyunyizaji wa dizeli, nayo ikikosa umeme injini haiwaki.

Fyuzi ikiwa imekatika, hubadilishwa kwa fyuzi ya kiasi kile kile. Wako wanaoziba nafasi yake kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Gari huwaka, ni kweli, lakini waya wenye hitilafu huendelea kupata joto, na malori yameungua kwa sababu hiyo.

Jaribio: Kutu na mwanga wa balbu

Vifaa: seli mbili za tochi, balbu ya tochi, nyaya tatu fupi, msumari wenye kutu nyingi, msasa.

Unganisha seli mbili, balbu na nyaya ili upate mzunguko wenye mwanya mmoja. Ziba mwanya huo kwa kuzigusisha ncha mbili za nyaya juu ya kutu ya msumari, bila kubonyeza sana. Tazama balbu. Sasa sugua msumari kwa msasa mpaka ung'ae, uguse tena mahali pale pale. Andika tofauti uliyoiona. Kisha bonyeza ncha kwa nguvu, halafu zilegeze pole pole. Mwanga unabadilikaje? Ni kitu gani katika lori la Ilula kilifanana na ncha zilizolegea?

Maswali

1. Kwa nini injini ya dizeli haina plagi za cheche?
2. Selenoidi ya stata hufanya kazi gani mbili?
3. Kwa nini waya wa stata ni mnene kuliko waya wa taa?
4. Dereva aligeuza ufunguo, akasikia ka-ka-ka, na taa za mbele zikafifia karibu kuzimika. Utashuku nini kwanza? Utahakikishaje?
5. Wakati wa kufungua betri, kichwa hasi hufunguliwa kwanza. Eleza kwa kutumia mchoro wako hatari ya kuanza na kichwa chanya.
6. Lori lilipimwa wakati ufunguo umegeuzwa. Kati ya kichwa hasi cha betri na chesisi, voltimita ilisoma volti 9. Kati ya chesisi na injini ilisoma sifuri. Ubovu uko wapi?
7. Stata ya lori moja inazunguka kwa kasi, bomba halitoi moshi, tangi limejaa dizeli, na mlio wa "tik" kwenye pampu hausikiki. Andika mambo mawili ambayo ungeyapima, na useme ungeanza na lipi na kwa nini.